Muulize Kwanza, Mjukuu Wangu

Jangwani, Dar es Salaam

Mjukuu wangu Zaina,

Mvua zimeanza, na Mto Msimbazi ukifura barabara ya Jangwani bado inafungwa, ingawa daraja jipya linaendelea kujengwa. Majirani wengi wa bondeni walilipwa fidia wakahama. Jioni mtaa umepoa. Barua yako amenisomea mama yako, maana macho yangu yamechoka, kwa hiyo ya humo anayajua yote.

Unasema huko Beni, Kongo, kwenye kazi yako ya uuguzi jeshini, umempenda kijana aliyewatoroka waasi msituni akajisalimisha, nawe ndiye unayemfunga kidonda. Halafu kuna ile sauti uliyoturushia kwenye simu, kwamba mji umetekwa na watu wamechinjwa wote. Kesho yake tukasikia si kweli. Nakujibu yote mawili pamoja, kwa sababu dawa yake ni moja.

Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, nilikuwa muuguzi wa miaka 21. Redio ya Uganda ilijigamba kwamba eneo lile limetwaliwa kwa dakika 25. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba tutampiga, hapa Kariakoo watu walijaa kwenye redio za madukani, shangwe tupu. Amin tukamwita nduli. Baada ya muda kila askari wake tukamwona nduli vilevile. Hilo la pili hatukuambiwa na redio, tuliliongeza wenyewe.

Machi 1979 nilikuwa kwenye hospitali ya mahema karibu na Masaka, Uganda, nyuma ya jeshi letu. Akaletwa askari wa Uganda aliyekuja upande wetu kwa hiari yake, bunduki kainyanyua juu ya kichwa, paja limechanwa na kombora. Nikampa uji. Akaukoroga, akaunusa, akanitazama. Alikuwa ameambiwa kwamba Watanzania huwatilia mateka sumu. Nikanywa mafunda mawili kwenye kikombe kilekile cha bati, nikamrudishia. Akanywa, machozi yanamtoka. Jeshi lao lilitumia Kiswahili, basi tukazungumza, na nduli wangu nikamkuta mtoto wa watu, usiku anamwita mama yake.

Nilimuuguza wiki nyingi, nikampenda. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, alinishika mkono akasema atanifuata Dar es Salaam. Nilimngoja miaka mitatu, nikakataa posa mbili. Kisha ikaja barua moja: ana mke na watoto wawili, tangu kabla ya vita. Zaina, kuhusu mke hakuniongopea. Sikumuuliza. Yeye alichunguza kikombe cha uji kabla ya kunywa. Mimi sikuchunguza neno nililotaka kulijengea maisha.

Sasa nisikilize. Mgonjwa huupenda mkono unaompa maji. Akishapona na kusimama kwa miguu yake, ndipo utajua kama anakutaka wewe au anamtaka muuguzi. Mpaka siku hiyo ni mgonjwa wako, nawe ni askari mwenye kiapo. Usimguse ila kwa kazi. Muulize kwao ni wapi, kamwacha nani, na huko msituni alifanya nini. Usimhukumu kwa kuwa alitoka msituni. Kutupa silaha kunataka moyo. Lakini usimpe moyo wako kwa sababu hiyo tu. Akikukasirikia kwa kuulizwa, ameshakujibu.

Na hizo sauti za simu ni vivyo hivyo. Kariakoo yetu imepata jina kwa Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu kwa maelfu walikufa wakiwa wamebeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Wengi walilazimishwa. Wewe hakuna anayekulazimisha kubeba uvumi wa mtu usiyemjua. Kabla hujaurusha, uliza nani kaona, lini, na nani anafaidika ukiogopa. Ukikosa jibu, ufute.

Naipenda kazi yako, na kila alfajiri nakuombea. Muulize huyo kijana, kisha niandikie alichojibu, neno kwa neno. Akiwa mkweli, apone, aje na wazee wake hapa Jangwani kwa baba yako, mchana, mlangoni. Nitampikia uji mwenyewe.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi