Paa na Sauti

Mvua haichagui kichwa. Tarehe 3 Julai 1996 ilikatiza mchezo wa tenisi huko Wimbledon, Uingereza; uwanja ulikuwa wazi, watu wakanyong'onyea. Cliff Richard, mwimbaji wa roki aliyezaliwa mwaka 1940, akasimama akaimba pasipo ala, na umati ukaitikia kwa furaha.

Mwaka 1966, katika mkutano wa sala na mahubiri wa Billy Graham mjini London, alikiri Ukristo wake hadharani, akadhani imani yamtaka aache muziki. Hakuacha.

Mwaka 2009 uwanja ule ulipata paa la kufunga na kufungua, kazi ya Populous, kampuni ya wasanifu majengo. Paa huzuia maji. Unyonge wa moyo hauzuiliki kwa chuma. Kipawa kilichokaribia kuzikwa kwa ajili ya Mungu ndicho kilichowafaa waja wake.