Milima ya Riat na Mizani ya Injini

Waswahili wamenena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii inawafaa wenye magari madogo mjini Kisumu, kwani aghalabu anayelipia kichujio kipya cha hewa au ekzosi pana ndiye huyo huyo anayeshuhudia kwamba gari limepata nguvu. Sikio husikia mngurumo mzito, nao moyo uliokwisha kutoa fedha huuita mngurumo huo kasi.

Hapana shaka kiu ya nguvu ina sababu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo hupata oksijeni pungufu, nayo hupoteza karibu kiasi hicho hicho cha nguvu. Dereva wa teksi apandaye milima ya Riat kuelekea Kakamega, akiwa na abiria wanne, huuhisi upungufu huo.

Hata hivyo, mpando uo huo waweza kumdanganya. Asubuhi upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani na kumkabili apandaye. Alasiri upepo wa ziwani humsukuma mgongoni. Akipima asubuhi kabla ya kufungiwa ekzosi, kisha alasiri baada ya kufungiwa, ataisifu ekzosi kwa kazi iliyofanywa na Ziwa Victoria.

Kipimo cha haki chahitaji uvumilivu. Saa iwe ile ile, barabara tupu ile ile, gia ile ile, mafuta na mzigo ule ule. Mwenziwe ahesabu sekunde za kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, mara sita au zaidi. Kisha kifaa cha zamani kirudishwe na hesabu ianze upya. Ikiwa, kwa mfano, cha zamani kilitoa sekunde 11 hadi 13, na kipya kikatoa 12, hakuna kilichothibitishwa.

Ufukweni Dunga, mbuta hanunuliwi kwa kusifiwa. Huwekwa mizanini mbele ya mvuvi na mnunuzi. Dereva ambaye fedha za ekzosi zingemlipia mwanawe karo ana haki ya kudai mizani kama hiyo, akapatana na fundi kwamba kifaa kisipofaulu kitarudishwa. Huenda plagi zilizochakaa zikibadilishwa na magurudumu yakijazwa upepo, asihitaji zaidi.