MC Kaua Ndinga, Bima Ikamkumbusha Bampa la Zamani

Mliokuwa mnauliza kwa nini MC mmoja maarufu hapa Songea siku hizi anafika ukumbini na bodaboda, suti kaikunja kwenye mfuko, stori yenyewe ni hii.

Ndinga yake, ile Mark X nyeupe, iliacha njia usiku akitoka kusherehesha harusi Mbinga. Yeye akatoka mzima, gari likafa kabisa. Watu wakampa pole, ila jamaa hakuwa na presha: ana bima kubwa, na kwenye karatasi imeandikwa milioni 14. Akaanza hata kuchagua gari jingine kwenye simu.

Ofa ikaja milioni 10 na laki 2. Akawaka!

Kumbe ile milioni 14 ni kikomo tu. Gari likifa, kampuni inatafuta bei ambayo lingeuzwa muda mfupi kabla ya ajali, kwa hali liliyokuwa nayo. Mkadiriaji aliyakuta magari ya mwaka ule yanauzwa milioni 12 na nusu. Akakata milioni 1.8 za majeraha ya zamani: mlango wa kushoto laki 7, bampa na taa milioni 1.1. Halafu laki 5, sehemu ya hasara ambayo mkataba unamwachia mteja ajibebee.

Ushahidi wa bampa ulitoka wapi? Kwake mwenyewe! Miezi mitatu nyuma aliposti video anacheka eti mbuzi wa Lizaboni kaing'oa meno ndinga yake. Watu walilaiki, na mkadiriaji naye akaiona. Hapo hakuna ujanja, bampa hakulitengeneza.

Ila mlango alishaunyoosha na kuupaka rangi, gereji ya Mfaranyaki. Risiti hana (gereji zetu mnazijua), lakini meseji ya kumlipa fundi kwa simu ilikuwepo, na picha za harusi ya wiki moja kabla zilionyesha mlango safi. Dada yake ndiye aliyemnyang'anya kalamu: "Mdogo wangu, ukishasaini hapo umemaliza." Wakaandika barua ya kupinga, wakataja kwamba wasipoelewana watakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO.

Laki 7 ikarudi. Ya bampa imekwenda.

Kapewa milioni 10 na laki 9, mabaki yamebaki kwa kampuni. Mark X kama ile kwa hela hiyo hajaipata bado. Video ya mbuzi kashaifuta.