Sola Juu ya Paa Letu

Lowell, Massachusetts

Jumamosi, 5 Julai 2025
Sheria mpya ya kodi ilitiwa saini jana. Ile nafuu ya kodi ya asilimia 30 kwa mwenye nyumba anayenunua sola, ambayo sheria ya 2022 iliahidi kuidumisha hadi 2032 ndipo ianze kupungua, sasa inakoma tarehe 31 Desemba mwaka huu. Simu hazinyamazi. Wale ninaowaandalia marejesho ya kodi wanauliza kama ukilipa arubuni Desemba utahesabiwa. Hapana. Kazi lazima iwe imekamilika kabla ya mwaka kwisha.

Nina hofu na haraka hii. Mtu akiambiwa mlango unafungwa, hutia saini kwanza, kusoma baadaye.

Jumapili, 20 Julai
Baada ya ibada Mama Neema alinivuta kando. Ijumaa kijana alimgongea mlango na tableti mkononi, akamwambia sola ni bure, naye akatia saini. Tulikaa ndani ya gari tukausoma mkataba ukurasa kwa ukurasa. Paneli si za bure, wala hazitakuwa zake: anazikodi kwa miaka 25, na malipo yanapanda kwa asilimia 2.9 kila mwaka. Nilimpigia hesabu nyuma ya bahasha ya sadaka. Mwaka wa 25 atakuwa akilipa karibu mara mbili ya mwaka wa kwanza. Nafuu ya serikali nayo inakwenda kwa kampuni, maana ndiyo mwenye paneli, na sheria mpya imeziachia kampuni za kukodisha muda mrefu kuliko ilivyomwachia mwenye nyumba.

“Na nikitaka kuuza nyumba, dada?”

Mnunuzi akubali kuurithi mkataba, la sivyo Mama Neema aumalize mwenyewe.

Bahati nzuri sheria humpa aliyeuziwa nyumbani kwake siku tatu za kazi za kuvunja mkataba. Barua tumeiandika papo hapo. Kesho mapema anaipeleka posta, kwa rejista.

Jumamosi, 9 Agosti
Leo amekuja mzee wetu mmoja aliyestaafu. Tangazo la sola limemwambia serikali itamtumia hundi ya maelfu ya dola. Nimemweleza pole pole: nafuu hii hukatwa kwenye kodi unayodaiwa. Asiyedaiwa kodi hana cha kukatiwa, na hundi haiji. Yeye kodi yake ya mwaka ni ndogo sana. Amenyamaza kidogo, kisha akasema, “Asante binti yangu, heri kujua leo.” Inaniuma kwamba walioandika tangazo wanalijua hilo vizuri, na hawakuliandika.

Jumanne, 9 Septemba
Fundi amepanda juu ya paa letu. Upande wa kusini hauna kivuli ila jioni, mti wa jirani unapokinga jua. Alinionyesha vigae, akavikunja ncha kwa kidole kuona kama vinakatika. Bado ni vizima. Vingekuwa vimechakaa, angetushauri tuezeke upya kwanza, kwa sababu kushusha paneli ili kubadilisha vigae ni gharama nyingine.

Hesabu yetu: kilowati 7, dola 24,500. Toa asilimia 30, yaani 7,350. Toa 1,000 za nafuu ya jimbo, ambayo ni asilimia 15 lakini haivuki hapo. Zinabaki 16,150. Kodi ya mauzo ya asilimia 6.25 hailipwi kwa sola, na jiji haliruhusiwi kutuongezea kodi ya mali kwa ajili ya paneli kwa miaka 20. Tukizalisha uniti kama 8,000 kwa mwaka, na stima hapa ni karibu senti 30 kwa uniti, tunaokoa kama dola 2,400. Miaka saba hivi, fedha yetu imerudi.

Jumatano, 29 Oktoba
Mkaguzi wa jiji amepitisha kazi. Mita mpya inahesabu pande zote mbili: uniti tunazosukuma nje wakati wa kiangazi zinaandikwa kwenye bili kama akiba, na akiba hiyo haipotei, inatungoja Januari jua likiwa fupi na theluji ikiwa juu ya paneli.

Nilimpigia mama yangu huko Kisii kumpa habari. Yeye paneli yake humwangazia kijiji kizima kikiwa giza. Alishangaa kusikia kwamba yetu huzimika stima ya mtaa inapokatika. Inveta hujizima ili umeme wetu usimuue fundi aliye juu ya nguzo. Anayetaka taa wakati huo anunue betri. Na hili pia wauzaji hawalisemi.

Jumapili, 14 Desemba
Chama chetu cha kuweka na kukopa kimekutana kwetu. Wengine walikuja na huzuni kwamba wamechelewa. Niliwaandikia hesabu ubaoni bila ile asilimia 30: dola 23,500 badala ya 16,150, miaka kama kumi badala ya saba. Paneli huja na dhamana ya miaka 25. Nafuu za jimbo zimebaki, akiba ya bili imebaki, na programu ya jimbo iitwayo SMART hulipa senti kadhaa kwa kila uniti kwa miaka kumi. Wapangaji wa zile nyumba za ghorofa tatu, ambao paa si lao, wanaweza kujiunga na sola ya pamoja na kupunguziwa bili bila kugusa paa.

Nilisisitiza jambo moja: tofauti kubwa haiko kati ya Desemba na Januari. Iko kati ya kumiliki na kukodi. Mama Neema ndiye aliyetoa hoja, na ikapita: chama kitakopesha wanachama fedha za paneli kwa riba yetu ya kawaida, na hakuna atakayetia saini mkataba wa sola kabla wawili wengine hawajausoma.