Rika la Chuma

Kustaafu ni mlango wenye pande mbili. Aliye nje huuona kuwa ni mlango wa kuingia katika raha. Aliyekwisha kuupita hujua kuwa ni mlango wa kutoka katika kazi, cheo na desturi ya kila asubuhi. Katika Tanzania mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Jana alikuwa mtu wa kuulizwa shauri. Leo ni mtu wa kuulizwa hali. Fedha ya kiinua mgongo huweza kumpa nyumba na ng'ombe, lakini sababu ya kuamka hana budi kuitafuta mwenyewe.

Tuseme, basi, kuwa mwalimu mmoja wa Bariadi, aliyezaliwa mwaka 1962 na kustaafu mwaka 2022, amependa gari dogo la michezo la Kiingereza. Watu watacheka. Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba, ya mifugo, na ya udongo mweusi wa mbuga ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kunata kama ulimbo wakati wa mvua. Gari la viti viwili, lenye tumbo karibu na ardhi, litatafuta nini huko? Lakini kicheko si hoja. MGB na Triumph Spitfire zilianza kuuzwa mwaka ule ule wa 1962, na zote mbili zilikoma kutengenezwa mwaka 1980. Mwalimu na gari lake ni rika moja. Dunia imewaambia wote wawili kuwa zamu yao imekwisha, na ni haki yao kuuliza kama neno hilo ni kweli.

Jambo la kwanza ni hesabu. Bei ya gari ni mwanzo tu wa gharama. Nyuma yake hufuata nauli ya meli, vipuri, na ushuru, ambao huwa mzito zaidi kwa gari lenye umri mkubwa. Kiinua mgongo hakirudi mara ya pili. Ndani yake mna haki ya mke, haki ya watoto na haki ya maradhi, kabla ya haki ya tamaa. Atiaye fedha ya dawa katika magurudumu hununua majuto yenye rangi nzuri. Fedha ya gari na itoke katika kile kinachobaki baada ya haki hizo kutimizwa. Na kama hakibaki kitu, spana chache na injini mbovu chini ya kivuli cha mwembe ni mwanzo wa kutosha.

Jambo la pili ni kuchagua kwa jicho. Wengi hutazama rangi na kusikiliza mngurumo, lakini adui mkubwa wa magari haya hana rangi ya kuvutia wala sauti. Adui huyo ni kutu. Injini iliyochakaa hufunguliwa ikatengenezwa. MGB haina fremu ya peke yake. Nguvu yake imo katika bodi, hasa katika vizingiti vilivyo chini ya milango. Vizingiti vikioza, gari ni nyumba iliyoliwa na mchwa. Hapa Bariadi ina neema iliyonyimwa miji ya pwani, kwa kuwa upepo wake haubebi chumvi. Balaa lake ni vumbi, na dawa ya vumbi ni chujio safi, turubai, na mkono usiochoka kufuta.

Jambo la tatu, nalo ni gumu kwa mwenye mvi, ni kukubali kuwa mwanafunzi. Mafundi vijana wa mjini wamezoea magari ya Kijapani, ambayo nati zake hupimwa kwa milimita. Nati nyingi za MGB hutaka spana za inchi. Katika MGB za miaka ya kwanza, mpaka 1967, ncha chanya ya betri ndiyo iliyounganishwa na bodi, kinyume cha mazoea ya leo. Anayefunga betri bila kuuliza huweza kuharibu vyombo vya umeme. Tena injini za zama zile zilitegemea madini ya risasi katika petroli kulinda viti vya vali, na petroli hiyo imekwisha barabarani duniani kote tangu mwaka 2021. Viti hivyo hutakiwa kubadilishwa kwa vya chuma kigumu zaidi.

Basi mwalimu huketi juu ya kigoda, na kijana wa umri wa wanafunzi wake humwonyesha namna ya kupima nafasi ya vali. Kitabu cha gari kimeandikwa kwa Kiingereza: mmoja husoma, mwingine hufungua nati. Kijana humwita Mwalimu kwa adabu. Mwalimu humwita Fundi kwa haki. Cheo kilichoachwa ofisini kimerudi kwa njia ya gereji, nacho hakikuletwa na barua ya serikali.

Wala isidhaniwe kuwa kitu kilichotumika hakina ushindi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant waliyashinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine. Matunzo yalilipa deni la umri.

Mwalimu wa Bariadi hahitaji kombe. Inamtosha asubuhi moja ya kiangazi, barabara ya lami iendayo Lamadi, na mwendo wa taratibu. Huenda gari likazimika njiani, akalisukuma pamoja na vijana wanaocheka. Na wacheke. Jioni atafunua boneti, atamwita Fundi, na kesho yake patakuwa na nati ya kukazwa.