Mizani Nne Chini ya Gari la Faiba

Neno mizani lina nyumba mbili katika Kiswahili. Katika nyumba ya kwanza ni chombo cha dukani cha kupimia sukari na unga. Katika ya pili ni hesabu ya silabi katika mshororo. Sisi tuandikao mashairi tumekaa mno katika nyumba ya pili, na aliyenirudisha ya kwanza mwaka huu ni shemeji yangu, mzaliwa wa Tanga na fundi wa mabasi mjini Birmingham, pamoja na gari lake jekundu.

Gari lenyewe ni la kuiga. Asili yake ni AC Cobra, iliyozaliwa mwaka 1962 baada ya Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas, kutaka injini ya Ford ya silinda nane itiwe ndani ya gari jepesi la kampuni ya AC ya Thames Ditton, Uingereza. Cobra za mwanzo zilikalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka. Mwaka 1965 ikaja ile ya injini ya lita saba, yenye springi za koili na madigadi yaliyovimba kama mashavu ya mpiga zumari, na hiyo ndiyo inayoigwa na wengi. Bodi ya asili ilikuwa ya alumini. Ya shemeji ni ya faiba, na miguu yake imetolewa katika Jaguar XJ6, gari la familia lenye uzito unaozidi tani moja na nusu. Nasema miguu kwa sababu ndivyo asemavyo shemeji: springi, shokapu na mikono inayolishika gurudumu, vyote ni mguu. Sijaona istilahi ya kamusini inayolishinda neno hilo.

Alilinunua likiwa limekwisha kuundwa na mtu katika banda la nyumba yake. Mwezi Mei alimpakia mpwa wangu, mtoto wa miaka kumi na miwili, wakaenda matembezi. Kwenye kona yenye bonde dogo ukasikika mkwaruzo mkubwa nyuma, kisha harufu ya mpira ulioungua. Waliposimama, bega la tairi la nyuma lilikuwa limechanjwa mfereji uliokaribia nyuzi za ndani. Dada yangu hakupandisha sauti. Alisema hadi mwisho wa Agosti ama tairi liwe haligusi, ama gari liwe limeuzwa. Na kabla ya hapo mtoto hapandi.

Wenziwe shemeji wakamshauri aukate ukingo wa madigadi. Ni dawa ya haraka, nami niliipinga, ingawa mimi si fundi. Kisichoenea kwanza husomwa, na tairi lina maandishi yake ubavuni. Hili liliandikwa 275/60 R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 60 ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha, tairi zima lina kipenyo cha milimita 711. Tairi la 255/60 R15 lina 687. Basi kwa kubadilisha tairi tu, unapata nafasi ya milimita 12 juu na upana unapungua kwa 20, pasipo kuigusa bodi.

Shemeji alisita, kwani unene wa tairi ndio sura ya Cobra. Ninamwelewa. Wapo miongoni mwetu wanaopachika maneno ya Kiamu katika kila ubeti ili shairi lionekane la kale, hata pale neno lisipoweza kuubeba mshororo. Macho hufurahi, sikio hukwaruzwa.

Lakini tairi halikuwa shina la tatizo. Springi za gari zito, zikitiwa chini ya gari jepesi, huliacha juu kama mbuzi mwembamba. Muundaji, ili kulishusha, alizikata mizunguko. Springi iliyokatwa huwa fupi na pia huwa ngumu zaidi, basi gari likawa chini na lenye kurukaruka, bila nafasi ya kutosha ya mguu kupanda na kushuka. Shemeji akaagiza springi laini zenye shokapu za kurekebishwa kwa nati. Kabla ya kuzifunga, aliupandisha kila mguu kwa jeki bila springi hadi mwisho wake, akauzungusha usukani kulia na kushoto, akipima pengo kwa kidole. Hakuridhika hadi kidole kilipopita kila mahali.

Kisha akaazima mizani nne bapa, moja chini ya kila gurudumu, naye akakaa kwenye kiti cha dereva, nami nikashika daftari. Mbele kushoto kilo 291, mbele kulia 258; nyuma kushoto 277, nyuma kulia 314. Jumla 1,140. Tazama mishazari: kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia ni 605, na ule mwingine 535. Gari la namna hiyo hupinda vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili.

Hapa ndipo nilipostaajabu. Ukiikaza nati ya pembe moja, uzito huongezeka pale na katika pembe ya mkabala, ukapungua katika mbili zilizosalia. Lakini jumla ya mbele haibadiliki, wala ya nyuma, wala ya kushoto, wala ya kulia. Hupunguzi kitu, unahamisha tu. Ni kazi ile ile ya mtu mwenye mizani kumi na sita, nane kwa nane, anayehamisha neno kutoka ukwapi hadi utao pasipo kuruhusiwa silabi ya ziada. Ilituchukua siku mbili. Mwishoni daftari lilisoma 274 na 275 mbele, 294 na 297 nyuma: mishazari 571 na 569.

Likabaki gurudumu la mbele kulia, lililoliwa upande wa nje. Shemeji alichuchumaa mbele ya gari, akasema, "Huyu ana matege." Juu limeegemea nje, chini limeingia ndani. Kuna neno gani bora kuliko hilo? Aliligeuza liegemee ndani kwa nusu digrii, na lile la kushoto vivyo hivyo.

Tarehe 24 Agosti alipaka chaki kwenye ukingo wa ndani wa madigadi ya nyuma, akarudi kwenye kona ile ile, peke yake, mara sita. Dada aliikagua chaki kwa tochi, pande zote mbili, akaikuta nzima. Kisha akauliza kwa nini gari la bei ile halina paa.