Usiniambie Bei ya Ploti, Niambie Udongo

Wasee, kuna swali moja hamtalisikia kwenye tangazo la ploti: chini ya hizi nyasi kuna nini? Utaonyeshwa geti, utaonyeshwa nguzo za stima, utaambiwa lami iko dakika 5 na hatimiliki iko tayari. Droni itapaa juu na muziki mtamu utapigwa. Kuhusu udongo, kimya.

Na mimi nasema udongo ndio bei. Ile namba kubwa kwenye bango ni kiingilio tu.

Najua wengi wenu mko chuo ama ndio mmeanza kazi, na mnaona haya ni mambo ya wazazi. Lakini siku hizi mnaolengwa ni nyinyi. Matangazo ya "anza na kidogo, lipa pole pole" yanapita kwa simu zenu. Wasee watano waliosoma darasa moja wanaweza kuanzisha chama leo na kununua ploti kabla mwaka uishe. Kwa hivyo hebu tuongee hesabu ya kuchimba, maana hapo ndipo doh ya watu wengi huzikwa.

Tuanze na udongo wenyewe. Ukielekea Athi River, Syokimau na Kitengela, ama ukienda pande za Ruai, sehemu nyingi utakutana na ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Mafundi huuita blakikotoni. Ukipata maji unafura, jua likiwaka unanywea na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba ikikaa juu yake inasukumwa juu na kushushwa kila msimu, mpaka kuta zinapasuka. Ndio maana mara nyingi huchimbwa wote hadi kwa moramu ama mwamba, kisha panajazwa upya. Pande za Kikuyu na Limuru kwenye udongo mwekundu, kazi ya nyumba ndogo huwa nyepesi zaidi: vijana wanachimba mtaro wa msingi kwa sururu na sepetu, na mara nyingi hakuna mashine inayoitwa. Kwa hivyo ploti mbili za hamsini kwa mia zinaweza kuuzwa bei moja, kumbe moja ina deni limelala chini.

Mathe alinunua yenye deni. Iko pande za Kitengela, na alilipa 650,000, pesa ya miaka mingi ya kuuza nguo sokoni. Aliyemuuzia alimwambia, "Mama, hii iko tayari kujengwa." Alikuwa amepanga 50,000 za kuchimba, kwa sababu aliuliza bei ya mashine akaambiwa 25,000 kwa siku, akahesabu siku mbili. Mimi ndiye nilishika daftari kazi ilipoanza, kwa hivyo namba ninazowapa ni za kwetu. Zako zitakuwa tofauti kulingana na mahali, msimu na bei ya dizeli, lakini njia ya kuhesabu ni ileile.

Nyumba ilikuwa ya futi 30 kwa 40. Udongo mweusi ulikwenda futi 5. Hizo ni futi 6,000 za ujazo, karibu mita 170. Sasa hapa ndipo watu huteleza: udongo ukishachimbwa hufura. Ule uliokuwa umeshikana chini unakuja juu ukiwa umelegea, na udongo wa aina hii unaweza kuongezeka hata kwa asilimia 30. Kwa hivyo zile mita 170 zikawa kama 220. Tipa tulizopata zilibeba mita 10 kila moja. Piga hesabu: safari 22.

Safari moja ilikuwa 3,500. Hiyo ni 77,000 ya kubeba udongo ambao hakuna anayeutaka.

Halafu mashine. Tulikodisha ile ya njano yenye ndoo mbele na mkono nyuma, ile ambayo kila mtu huiita JCB hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine. Inatembea barabarani kwa magurudumu yake. Ingekuwa ekskaveta ya minyororo, tungelipa pia trela ya kuileta na kuirudisha, na watu wengi husahau kuuliza hiyo. Bei yetu ilikuwa na dizeli na opareta ndani. Wengine hukupa bei ya chini, kumbe dizeli ni juu yako. Ukilinganisha bei mbili bila kuuliza hivyo, unalinganisha embe na chungwa.

Opareta, mzee mpole sana, aliangalia ploti akaniambia, "Kijana, hii ni kazi ya siku moja na nusu." Ilichukua siku tatu. Na si eti alikuwa mvivu. Tipa zilikuwa mbili tu, na mahali pa kumwaga palikuwa mbali. Kila tipa ilienda safari 4 kwa siku, yaani 8 kwa zote mbili. Siku ya kwanza 8, ya pili 8, ya tatu 6. Katikati ya hizo safari mashine ilikuwa imezima, opareta ameketi kivulini, na Mathe analipa. Ukikodisha mashine unalipia muda. Iwe inachimba ama inasubiri, saa inatembea. Tipa 4 zingemaliza kwa siku moja na nusu, na pesa ya safari ingebaki ileile kwa sababu safari ni 22 tu. Hata kama mwenye mashine angedai siku mbili kamili, 25,000 ingebaki mfukoni. Kwa hivyo JCB ilikula 75,000.

Mkifikiri tumemaliza, bado. Shimo la futi 5 halijengewi hivyo hivyo. Kuta za msingi zikipanda, katikati panajazwa moramu na kushindiliwa kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka. Moramu ikishindiliwa hupungua, kwa hivyo tulihitaji safari nyingine 22. Kila moja 7,000. Hiyo ni 154,000.

Jumlisha: 75,000 na 77,000 na 154,000. Ni 306,000. Karibu nusu ya bei ya ploti, na hakuna hata tofali moja limeonekana juu ya ardhi. Mathe bado analipa kodi ya nyumba Pipeline. Msingi uko, umeisha vizuri, na unangoja pesa nyingine.

Kuna mtu atauliza, kwani hamngewapa vijana wa mjengo hiyo kazi? Tuliwaza. Tuseme kijana mmoja anachimba mita 2 na nusu kwa siku. Mita 170 ni siku 68 za mtu mmoja, ama vijana 6 kwa siku kama 11. Kwa 1,000 kila siku ni 68,000. Manze, karibu sawa na mashine! Na hiyo pesa inabaki mtaani. Lakini tipa bado ni zile zile, moramu ni ile ile, na udongo mweusi ulioloa unaweza kuanguka. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja. Ukimwangukia kijana ndani ya mtaro, hakuna hesabu tena. Kwa mtaro mfupi, wape vijana. Kwa shimo kubwa, mashine, na usikubali mtu aingie chini ya ukuta wa udongo usioegemezwa.

Na kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti. Mtu akiishiwa na pesa katikati ya kazi, shimo linabaki. Masika ya Machi hadi Mei yanalijaza maji. Watoto wa jirani wanaona bwawa la kuogelea. Tembea mitaa mipya pembeni mwa jiji uone mashimo hayo yalivyo mengi, hayana hata ua. Hizo ni ndoto za watu walioambiwa bei ya ploti pekee.

Vilevile kuna wale wa kukwambia, "Tutamwaga tu pale kando ya mto usiku, itakuwa rahisi." Usikubali. Ni kosa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ile iliyounda NEMA, na udongo huo ndio unaoziba mkondo kisha mafuriko yanaingia kwa nyumba ya mtu mwingine. Uliza mapema udongo utamwagwa wapi na kwa ruhusa ya nani.

Sasa mtafanya nini? Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya ploti, omba kuchimba shimo la majaribio. Vijana wawili, asubuhi moja, futi 5 ama 6, kona mbili za ploti, kwa sababu kina cha udongo hubadilika hata ndani ya ploti moja. Kwetu hiyo kazi ingekuwa kama 2,000. Shimo la 2,000 lingemwonyesha Mathe shimo la 306,000, na angeenda kwa muuzaji akiwa na la kusema: punguza bei, ama nitafute kwingine. Muuzaji akikataa usichimbe, huyo ameshakujibu.

Pia muone injinia kabla ya kuita mashine. Wakati mwingine kuna aina ya msingi wenye zege na vyuma zaidi ambao unapunguza kuchimba, na yeye ndiye wa kukwambia ipi itakutoka bei nafuu. Chimba miezi ya kiangazi, maana tipa ikikwama kwenye matope, mashine inasubiri, na mnajua nani analipa.

Muuzaji wa Mathe hakusema uongo hata kidogo. Ploti ilikuwepo, hatimiliki ilitoka, lami iko karibu kweli. Alinyamaza tu mahali pamoja. Kwa hivyo ukiona tangazo lingine na ile droni yake, usiulize kama lami imefika. Andika hapo chini kwa herufi kubwa: UDONGO NI WA AINA GANI, NA UNAENDA FUTI NGAPI? Tukiuliza mia moja kwa siku, watalazimika kutujibu.